Tikiti ya Mwadhini

Mtaani kwetu, Shela ya Malindi, hatukungoja kuambiwa kwamba Mwadhini amenunua tikiti. Tulijua alfajiri. Ikija sauti yake, nene, isiyo na haraka, basi tikiti hana. Ikija ile ya naibu wake, muuza maji, ambayo Mungu anisamehe ilikuwa kama ya mbuzi aliyekabwa na kamba, tulijua mzee kashika tikiti ya bahati nasibu, na mpaka matokeo yatoke hatapanda juu kuadhini. Marehemu mume wangu hugeukia ukutani akanung'unika, "Kashaanza tena huyu," kisha akajivuta akaenda kuswali.

Msiniulize alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Nasaba nawaachia wenye kuzipenda. Mimi nilimjua kwa sikio kwanza, kwa jicho baadaye, maana dirisha la jiko langu lilitazamana na ngazi ya mawe iliyopanda sakafuni pa msikiti, yaani juu ya paa lake bapa, na msikiti wetu haukuwa na mnara. Akisimama pale juu, akiziba sikio kwa kiganja, niliona visigino vyake tu, vyeupe kwa chokaa. Kazi yake ya mkono ilikuwa kupaka nyumba za watu chokaa, na kila karibu na Maulidi alikuwa hashikiki kwa shughuli. Hata siku ya Idi, na kanzu yake ya hariri, ukimtazama kucha utaiona chokaa.

Sasa tikiti. Kanuni ile ya kutoadhini hakupewa na mtu, alijiwekea mwenyewe. Siku moja nilimuuliza, maana mimi mdomo wangu hauna mlango: "Ami, kama tikiti si kitu, mbona hupandi juu? Na kama ni kitu, mbona wanunua?"

Hakukasirika. Alikuwa akikoroga chokaa kwenye debe, akaendelea kukoroga.

"Sauti ile si yangu, mwanangu," akasema. "Ni ya kuazima. Kitu cha kuazima hukipitishi kwenye tope."

"Basi liache tope."

"Na mnara utajengwa na nini? Na chokaa?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote. Wacheza kamari wengine hutaka gari, au mke wa pili. Huyu alitaka mnara. Aliweka nadhiri kwamba Mungu akimfungulia, hatatia senti mfukoni mwake, atajenga mnara mrefu sauti ivuke mtaa, ivuke majumba ya ghorofa waliyokuwa wakiyapandisha wageni kule ufuoni, ifike mpaka soko la samaki. Na la soko lilitoka kwangu, naungama. Mimi nilikuwa mkaanga samaki pale. Zamani aliniuliza, "Mwanangu, huko sokoni mwanisikia?" Nikamjibu bila kufikiri, "Hatukusikii, Ami. Mafuta yapiga kelele, na sisi wanawake twapiga kelele kuliko mafuta." Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kumbe watu wapitwa na swala kwa sababu yake.

Tangu siku ile akaanza kusimama kwenye kibanda cha tikiti kando ya stendi ya mabasi.

Alikuwa na hoja, na hoja zake hazikwisha. "Anayeomba mvua huweka ndoo nje," alikuwa akisema. "Mimi naomba riziki ya mnara. Tikiti ndiyo ndoo yangu." Maalim, mwalimu wa watoto wetu, mtu mpole aliyesoma Lamu, alimjibu mara moja barazani, "Ndoo yenyewe imetobolewa na Mwenye mvua, bwana. Ameikataza." Mwadhini aya zile za kukataza kamari alizijua kwa moyo kuliko wengi wetu. Akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, Maalim, kweli kabisa." Na mwezi uliofuata tukamsikia mbuzi alfajiri.

Msidhani alikuwa mtu wa michezo. Karata alizichukia. Siku moja sokoni alimkuta kijana wa kutoka bara akichezesha karata tatu juu ya sanduku, wavuvi wamemzunguka wakiliwa jasho lao. Mwadhini akaupiga teke ule mchezo, karata zikaruka mpaka kwenye karai langu, nikakaanga malkia mzima. "Mwizi wee! Wawala watu mchana kweupe!" Kijana akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mzee, si wewe nilikuona kwenye kibanda cha tikiti?" Wavuvi wakaangua kicheko. Mwadhini akasema kwa hasira ya mtu aliyeshikwa, "Mimi simwibii mtu mbele ya macho yake!" Akaondoka upesi.

Na nyumba ya kamari ya watalii kule ufuoni, yenye taa za rangi, alipokwenda kuipaka ukuta wa nje alikataa hata maji yao ya kunywa. Mchana kutwa kwenye jua, na chupa yake mwenyewe.

Tikiti yenyewe hakulala nayo. Nyumbani haiingii, mkewe Bi Rukia aliapa ataichoma. Mfukoni haikai, maana hawezi kuswali nayo mwilini. Kwa hivyo ililala kwa Kazungu, Mgiriama, fundi viatu aliyekaa chini ya upenu ng'ambo ya msikiti wetu, akishona makubadhi ya Waislamu siku sita na kwenda kanisani ya saba. Kazungu naye alinunua tikiti. Zote mbili alizitia ndani ya kiatu kimoja cha mguu wa kushoto ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua.

Urafiki wao ulinifurahisha sana. Walikuwa wakikaa hapo alasiri wakijadiliana nani hasa ampaye mtu bahati. Kazungu alisema mchungaji wake amekataza kamari, lakini Yesu mwenyewe alikataza tamaa, na yeye tamaa hana, ana watoto saba. "Mulungu aona kiatu changu," alikuwa akisema. Na juu ya hayo bado aliwasikiliza koma, wazee wake waliokufa, wakija ndotoni.

Kuna mwaka Mwadhini alifanya jambo ambalo Maalim alipolisikia alikaa kitako chini. Aliswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu akuonyeshe kheri, ili ajue achague tikiti ya namba gani. Akalala, akaota samaki watatu kwenye ungo. Usiku huohuo Kazungu akaota babu yake anaonyesha mbuzi wanane kwa fimbo. Asubuhi wakagombana chini ya upenu mpaka mimi nikawasikia jikoni.

"Ndoto yangu ina udhu!" Mwadhini akasema.

"Na yangu ina babu!" akajibu Kazungu. "Wako samaki umewaona kwa njaa. Jana ulikula nini?"

"Mchicha."

"Basi!"

Mmoja akachukua tikiti iliyoishia tatu, mwingine iliyoishia nane. Gazeti lilipokuja na basi la Mombasa, hakuna aliyepata hata ya kunywea chai. Maalim akaja, akamwambia kwa upole uleule, "Ndugu yangu, istikhara huombwa kwa jambo la halali lenye shaka. Huendi kwa kadhi ukamwomba akuchagulie nyumba ya kuiba." Mwadhini akalia. Nilimwona kwa dirisha, mtu mzima analia mbele ya fundi viatu. Akafunga siku kadhaa kwa toba, na kwa muda mrefu sana tukawa tunaamka kwa sauti yake tena. Mtaa ukanenepa kwa furaha, wallahi. Hata mume wangu aliamka kabla ya kusukumwa.

Lakini mtu akishaota mnara, kila paa fupi humkera. Akarudi kibandani.

Na Mungu, ambaye hakosi njia ya kumfunza mja wake, akampa alichotaka.

Kazungu ndiye aliyeliona gazeti kwanza. Tikiti zote mbili ziko kiatuni mwake, hakuna jina juu yake, ya nani ni ya nani wanajua wawili tu. Angenyamaza, nani angemdai? Alivuka njia na kiatu mkononi, akasimama mlangoni pa msikiti asiingie, akangoja watu watoe salamu ya swala. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Mwadhini, njoo. Ni yako." Haikuwa zawadi ile kubwa ya kwanza, lakini ilitosha mnara na kubaki.

Wakaenda Mombasa pamoja, Mwadhini na kanzu ya Idi, Kazungu na koti la kanisani. Waliporudi, mtaa mzima ulikuwa nje. Kinamama tukapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, sisemi uongo. Bi Rukia peke yake hakutoka.

Alasiri ile wazee wa msikiti wakakutana kwenye baraza, chini ya dirisha langu. Nilizima jiko ili nisikie. Mwadhini akaweka fuko katikati yao, akasema, "Mnara, waungwana. Mnara umefika."

Maalim akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfunga kidonda mtoto, "Msikiti hauwezi kuzila pesa hizi."

"Si zangu, Maalim. Nimeziwekea nadhiri."

"Nadhiri haiisafishi haramu. Nyumba ya Mungu haijengwi kwa alichokikataza Mungu."

"Basi niende Hija nikatubie huko huko."

"Uende kwa Mwenye nyumba kwa nauli aliyoikataa?"

"Nizirudishe."

"Kwa nani? Walionunua tikiti wawajua?"

Mwadhini akalitazama fuko. Kisha, pole pole: "Nizifanye nini, basi?"

"Zitoe," akasema Maalim. "Usizile wewe wala mkeo. Zitoe kwa manufaa ya watu wote, njia ya kupita, au choo. Na usitaraji thawabu. Wajivua mzigo, hutoi sadaka."

"Choo!" akasema Mwadhini.

Kwenye upenu wake Kazungu akacheka kicheko kimoja, akajiziba mdomo.

Hapo ndipo Mwadhini alipojaribiwa hasa, si kibandani. Miaka yote alicheza kwa ajili ya Mungu, au ndivyo alivyojiambia. Sasa anaambiwa azitoe bila Mungu kumwandikia hata nukta. Angezitoa? Mtaa uligawanyika. Jamaa zake walimjia wakimwambia Maalim ana wivu, mashekhe wengine watasema vingine, atafute shekhe. Akatafuta. Alikwenda Takaungu, akaenda mpaka Mambrui, na kila alikokwenda alirudi uso umeanguka. Fuko likawa kwa Kazungu, ndani ya sanduku la ngozi. Na Mwadhini hakuadhini. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine, naye hakanyagi ile ngazi. Mbuzi wetu alfajiri, mbuzi magharibi. Ramadhani ikakaribia na mimi nikaanza kuogopa kwamba tutafuturu kwa sauti ile, na kwamba ile nyingine imekwenda moja kwa moja.

Nyumba yao ilivuja. Makuti yalikuwa yamechoka, mvua za masika ziliingia mpaka kitandani. Nilimpelekea Bi Rukia samaki, nikamkuta anahamisha masufuria chini ya matone. Nikasema, shetani hana aibu, "Shoga, kidogo tu katika zile, mkaezeka paa. Nani atajua?"

Alinitazama nikatamani ardhi inimeze.

"Nimelowa kwa halali miaka yote hii," akasema. "Sitaki kukaushwa na haramu. Wewe mwambie huyo bwana akachimbe choo chake arudi juu. Mimi sikuolewa na mnara. Niliolewa na sauti."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye kidato cha chini kabisa cha ile ngazi, amepakata mikono.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Ami, nataka kukwambia jambo la aibu."

"Sema."

"Pale sokoni sisi wanawake hatuna choo. Wanaume wana ufuo wote. Sisi twatoka nyumbani alfajiri, twajizuia mpaka turudi. Wajawazito walia. Mimi mwenyewe sinywi maji mchana kutwa kwenye moto ule, nimeshaugua figo kwa ajili hiyo. Wewe wahuzunika kwamba hatukusikii. Tungekusikia, Ami, tungeswali wapi, na kibofu kimejaa? Udhu tungeushika na nini?"

Alikuwa na haya sana mzee yule, masikio yalimwiva. Akauliza huku akitazama chini, "Wote hao? Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza hilo. Uliuliza kama twakusikia."

Asubuhi yake nilipofika sokoni nilimkuta Mwadhini na sururu, Kazungu na jembe, wakichimba nyuma ya vibanda vyetu. Mafundi walikuja baadaye, mawe yakaja, saruji ikaja, pipa kubwa la maji, milango yenye komeo la ndani. Komeo la ndani, jamani! Wanawake walilishika wakalifunga na kulifungua kama watoto. Pesa zilizobaki alitengenezea njia ya mawe kutoka barabarani, mvua isitutie matopeni. Hakubakisha kitu. Hata chokaa ya kupaka kuta zile alinunua kwa pesa hizohizo, akapaka mwenyewe mara mbili.

Siku alipomaliza alitukusanya, mzee wa haya yule, akasimama mbali kidogo na ukuta. "Sikilizeni," akasema. "Hii si sadaka. Msiniombee. Maalim amesema sina thawabu hapa, na mimi sitaki kumwibia Mungu kwa mlango wa nyuma. Mkitoka humo, nawaomba, msiseme 'Mungu amrehemu aliyejenga.' Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Ami," tukajibu sote.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, alfajiri, nilikuwa nakunja mkeka. Ikaja. Nene, isiyo na haraka, na imekwaruza kidogo kwa kukaa. Nikasikia madirisha yanafunguliwa kichochoro kizima. Mume wangu akakaa kitandani akasema, "Huyo," basi. Mimi nilitoa machozi, na sioni haya kusema.

Sitawadanganya kwamba tangu hapo alikuwa malaika. Akipita stendi alivuka upande wa pili wa barabara, ameshika mkono wa Kazungu kama kipofu anayevushwa, na sijui nani alimvusha nani, maana Kazungu naye alikuwa akijaribu kuacha. Kuna alfajiri moja alirudi mbuzi. Mtaa ulikufa ganzi. Nilimwendea Bi Rukia mbio, buibui juu chini, kumbe mwanamume ana mafua.

Mwisho wa miaka ile ya themanini, mume wangu alipokuwa ameshatangulia, nilihamia Takaungu kwa binti yangu. Mara ya mwisho kumwona Mwadhini nilikuja Malindi kwa arusi, nikapita sokoni kuwasalimu wenzangu. Yeye alikuwa nyuma, amekunja suruali, ufagio mkononi, anasugua sakafu ya choo na kumwaga maji. Mgongo ulikuwa umeinama sana.

"Ami! Hukupata kijana wa kukusaidia?"

Alinitambua kwa sauti. Akafurahi, akaegemea ufagio.

"Hii simpi mtu," akasema. "Kujenga sikuandikiwa, mwanangu. Lakini kusugua ni jasho langu, hakuna tikiti humu. Hii naandikiwa." Akacheka na meno yake machache. "Nimechelewa kujua. Nilitaka mnara, Mungu akanipa ufagio, na miguu ya kujia hapa kila siku."

Paa la nyumba yake, aliniambia, Kazungu na wanawe walikuja na makuti kutoka kwao wakaezeka siku moja, wakala wali, wakaondoka.

Jua lilikuwa linakaribia kichwani. Akanawa sana, akabadili suruali kwa kanzu iliyotundikwa nje, akashika njia ile ya mawe kurudi msikitini. Alipofika mbali kidogo akageuka.

"Sasa mwanisikia huko sokoni?"

"Twakusikia, Ami."

"Na hamniombei? Mlishika ahadi?"

"Hatukuombei, Ami. Tulishika."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Nikakaa na wenzangu kwenye vibao. Mnara hakuna, majumba ya ghorofa yameongezeka. Lakini ilipofika adhuhuri, nilimwona mkaanga wa kwanza akiinua karai lake motoni akaliweka chini, na wa pili, na wa tatu, mpaka mafuta ya soko zima yakanyamaza. Muuza pweza akanyamaza. Hata wenye kubishana bei wakanyamaza. Na katika kimya kile ikaja, nyembamba sana, kutoka kule juu ya sakafu ya msikiti wetu.

Yeye ndiye aliyetufunza kwamba dua baina ya adhana na ikama, ule mwito wa pili wa kusimama kuswali, hairudishwi. Ilipokwisha, wanawake wote waliinua mikono, nami nikainua yangu, tukamwombea kwa jina lake, kama tulivyokuwa tukifanya kila siku tangu ikauke ile saruji. Yeye hakuona. Alikuwa ameelekea kibla.